Maua ya Usambara yaliyokuwa yakiniozea chini ya mparachichi

Miaka miwili nilipanda maua ya Usambara (African violet) chini ya mparachichi wangu hapa Donholm, Nairobi, na kila masika yakaoza. Udongo wetu ni ule mweusi unaoshika maji kama bakuli. Nilibadilisha mbolea, nikapunguza kumwagilia, wapi! Jani lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na shina likikatika kwa kuguswa tu.

Jibu lilikuwa kwao. Maua haya ni ya misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, pamoja na Taita, na huko hujishikiza kwenye miamba yenye kuvumwani, ule ukijani laini unaotanda juu ya mawe yenye unyevu, palipo na udongo kiganja kimoja tu. Mimi nilikuwa nimeyazika kwenye tope!

Basi nikapanga mawe ya kujengea, ngazi tatu, upande ambao jua la mchana halifiki. Kwenye nyufa nikatia kokoto, juu yake majani ya mparachichi yaliyooza na kuchekechwa, yakichanganywa na mkaa uliopondwa. Nikapanda kwa kuinamisha mche kidogo, maji ya mvua yasituame katikati ya majani. Hilo la kuinamisha ndilo ninalolithamini zaidi. Maji namwaga kwenye jiwe, kamwe si kwenye jani.

Usiku wa Julai nayafunika kwa gunia, maana baridi ya Nairobi huyaumiza.

Masika yaliyopita halikuoza hata ua moja. Jana nimeona jani lililoanguka kwenye ufa wa mawe limetoa vichipukizi vitatu, vidogo kama punje za mtama.