Shemeji anasema tumfukuze DEO

Shemeji yangu anaishi Massachusetts, Marekani. Wiki iliyopita alipiga simu nikiwa dukani, nikamlalamikia kuhusu DEO, afisa elimu wa wilaya yetu. Akanikatiza: "Si mumfukuze tu, shemeji?" Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anangoja tairi la bodaboda akageuka kuniangalia.

Kumbe kwao inawezekana. Mjini kwake kuna bodi ya shule, nao wanaiita kamati ya shule vilevile kama sisi. Wananchi wanaipigia kura, kisha yenyewe ndiyo inamwajiri msimamizi wa shule zote za mji na kumpima kazi yake. Mkataba ukiisha na hawamtaki, anafunga virago. Huyo msimamizi akiingia kikaoni anajua amekaa mbele ya waajiri wake.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi kwenye kamati ya shule ya msingi hapa mpakani, Uganda, kipindi cha pili sasa. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu, amependekezwa na kanisa lililoanzisha shule. Katibu ni mwalimu mkuu mwenyewe. DEO hatukumwajiri sisi: alipitia tume ya utumishi ya wilaya, anaripoti kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, na CAO naye kaletwa kutoka Kampala. Walimu wote, mwalimu mkuu akiwemo, wamepitia tume hiyohiyo. Kwa hiyo kamati haiwezi kumgusa DEO, na DEO hawezi kuamka asubuhi akaamua kamati haipo. Tumefungwa kamba moja kama mbuzi wawili.

Nilijua hivyo siku ya uji. Tulikaa tukapitisha kila mtoto alete shilingi 15,000 kwa muhula, mahindi, sukari na kuni humohumo. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Wiki ya tatu, ambao hawajalipa wakarudishwa nyumbani. Mama mmoja akapiga simu wilayani, na kesho yake DEO akaingia na pikipiki, buti zimejaa tope, akaagiza watoto warudi darasani kabla hata hajasalimia.

Mzee mwenyekiti akawaka. "Shule hii ni ya kanisa, mwanangu."

"Ardhi ni ya kanisa, mzee wangu," DEO akamjibu taratibu. "Sheria ni ya Bunge."

Akatoa Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 kwenye mfuko wa koti. Kulisha mtoto ni jukumu la mzazi, imeandikwa. Lakini shule ya UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada, haiwezi kumfukuza mtoto kwa sababu mzazi wake hajachanga. Tukabaki tunatazamana. Nani alikuwa ameisoma? Hata mimi niliyejifanya msemaji wa wazazi sikuwa nimeisoma. Ila nilikasirika kidogo: kama angekuja kwenye kikao kile tulichomwalika, angetuambia mapema.

Baadaye, chini ya mwembe, ndiyo mambo yakatengenezeka. DEO mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kuchanga mahindi wakati wa mavuno badala ya pesa, debe kwa mwenye nalo, nusu kwa mwenye shida. Mzee akaridhika kwa sababu lilisemwa kama ombi. Muhula huo uji uliwatosha karibu wote.

La pili bado linaniuma. Januari mwalimu mkuu wetu alihamishwa. Mwenyekiti alizipata habari kwa kijana wa bodaboda aliyembebea magodoro! Kuhamisha ni kazi ya wilaya, sibishi. Lakini akaunti ya shule inasainiwa na mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti. Saini kubadilishwa benki ilikula wiki kadhaa, fedha za UPE zimelala huko, sisi tunakopa chaki duka la jirani. Barua moja tu ya mapema, tungeanza kujipanga kabla shule haijafunguliwa.

Nikamwambia DEO hivyohivyo, kwa adabu. Akasema, "Andikeni kwenye mukhtasari wa kikao, mnitumie nakala. Maneno ya mdomo siwezi kuyapeleka kwa CAO." Mwanzoni nilidhani ananizungusha. Halafu nikafikiri: kweli yeye ana barua ya kuajiriwa, ana muhuri, ana pikipiki ya serikali. Sisi tuna nini zaidi ya kitabu cha mukhtasari?

Basi Ijumaa tunakaa, na ajenda ya kwanza ni uhamisho. Jana nikamwomba mwalimu mkuu mpya anionyeshe kitabu cha mukhtasari nisome tulichoandika mwaka jana. Akatafuta kabatini, akatafuta chini ya meza. Hakipo. Yule wa zamani, kwa vile alikuwa katibu, amehama nacho pamoja na magodoro yake. Nimempigia, anasema kiko kwenye boksi fulani hajalifungua. Kesho asubuhi namtuma yule yule kijana wa bodaboda akakilete, mafuta nitamwekea mimi.