Darasa letu linahama na kivuli

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi Agosti sihitaji kengele. Upepo wa Dodoma unaanza kugonga bati kabla simu haijalia. Nachemsha maji ya kuoga, maana anayedhani huku ni joto mwaka mzima hajawahi kujimwagia maji ya ndoo alfajiri ya msimu huu. Kisha nakagua begi: sanduku la huduma ya kwanza, kibano cha miiba, filimbi, kamba za katani, mkasi wa kupogolea, kaptula mbili za akiba.

Saa 1 asubuhi. Bajaji inanishusha pembezoni mwa jiji, njia ya Singida. Wageni wakifika hapa huuliza msitu wenyewe uko wapi. Wamesikia "shule ya msituni" wakategemea giza la miti. Sisi tuna vichaka vya migunga, mbuyu mmoja, mikwaju miwili na majabali. Mbuyu sasa hivi umepukutisha majani yote, umebaki na matunda yananing'inia kama panya waliofungwa mikia, hivyo kivuli chetu cha kiangazi ni mkwaju. Kinaposogea, na mikeka inasogea.

Kabla ya watoto nazunguka eneo lote. Napindua mawe ya kukalia kutafuta nge, natikisa matawi makavu, naangalia kama nyuki wa kwenye tundu la mbuyu wametulia. Babu, mlinzi wetu, ameshafagia na kujaza madumu. "Shikamoo Babu." "Marahaba mwalimu. Mbuzi wamepita jana." Hilo la mbuzi nilipaswa kulisikiliza vizuri.

Saa 2. Watoto kumi na wanne, miaka minne hadi sita. Walimu tuko wawili. Wengi ni watoto wa watumishi waliohamia huku kutoka Dar. Kuna ambao wamekulia kwenye baraza la vigae na mwiba wameujua hapa. Baba mmoja anabaki getini: "Mwalimu, ada nalipa. Kuandika anaandika lini?" Ananiuliza kila mwezi, na simlaumu. Namwambia aje siku moja akae asubuhi nzima. Anaangalia saa, anawasha gari.

Mama yangu naye hucheka kwa upande wake. Alisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, shule ilikuwa na shamba na kila mwanafunzi ana jembe. "Sisi tulipelekwa porini bure, nyie mnalipia." Namjibu kwamba wao walipelekwa kulima, hawa hawatumwi kitu. Mtindo wenyewe tumeuchukua mbali: mwaka 1993 watu wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda Denmark wakakuta watoto wadogo wanashinda nje, wakarudi kuanzisha yao. Shuruti kubwa ni kurudi palepale wiki hadi wiki, ili mtoto apazoee pawe pake. Ukienda mara moja ukapiga picha, hiyo ni ziara.

Saa 3. Jumanne ni siku ya visiki. Wakulima wengi wa Dodoma wanaijua Kisiki Hai: badala ya kuhangaika na miche inayokufa kwa ukame, unatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado iko hai, unachagua machipukizi yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kuonyesha kwamba mti huu una mtu. Kila mtoto ana kisiki chake na kamba yake. Anaisimamisha kamba toka ardhini hadi ncha ya chipukizi na kufunga fundo hapo. Machi mafundo yaliachana vizuri. Tangu mvua ziishe yanapandana, na watoto wamekasirika. "Mwalimu, mti wangu umelala." Sikujibu. Mwenzake akamwambia hata mbuyu umelala, tazama hauna nywele.

Ndipo tukasikia kilio. Binti wa miaka mitano, ambaye hapa tumembatiza Profesa kwa sababu ya miwani, amesimama mbele ya kisiki chake cha mgunga. Kitambaa kipo. Chipukizi limekatwa chini ya fundo la kwanza, na samadi iko palepale.

Msafara ukaundwa bila mimi, nikafuata nyuma. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kigogo, alikuwa anapepeta karanga. "Mbukwenyi," akatusalimu. Watoto wakajibu shikamoo bibi kwa pamoja, kisha Profesa akatoa shitaka: mbuzi wako amekula mti wangu na una kitambaa.

Bibi akamsikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu, mbuzi hajui kusoma kitambaa."

Hakuna mtaala ambao ungenipa sentensi hiyo. Walirudi wakibishana. Mmoja anataka mbuzi wafungwe, mwingine anauliza watakula nini. Babu akaingilia, yeye kwao Kondoa, alikuwa kijana mwaka 1979 serikali ilipoondoa mifugo yote kwenye ardhi iliyochimbika kwa mmomonyoko, wakati wa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. "Miti ilirudi yenyewe," akawaambia. "Ila na maziwa yaliondoka." Wakanyamaza. Baadaye wakaanza kuburuta matawi ya miiba kuzungushia visiki. Vidole vitano vilichomwa, kibano kikafanya kazi, mmoja tu alilia.

Lakini Profesa alibaki na kamba. Afungue mafundo, kwa kuwa mti haupo tena? "Fungua, ni uongo sasa." "Usifungue, ulikuwa mrefu kweli." Wote wakanigeukia. Nilikuwa na jibu zuri sana, la kimwalimu, nikaling'ata. Akaitia kamba mfukoni.

Saa 4:30. Uji wa ulezi, karanga. Mikono kwanza, sabuni, dumu la kukanyaga. Mkeka umesogea hatua tatu.

Saa 5. Mchezo huru. Kanuni ya jabali ni moja: mtu mzima hampandishi mtoto. Ukifika juu kwa miguu yako, miguu hiyohiyo inajua njia ya kushuka. Mvulana mmoja aliganda katikati, akaniita. Nikasimama chini yake, mikono tayari, nikamuuliza tu mguu wa kushoto unagusa nini. Akashuka kwa makalio. Kaptula ikachanika toka mfuko hadi mfuko, akaenda kuwaonyesha wenzake kama medali. Ndiyo maana nabeba mbili za akiba.

Saa 7 mchana. Magari, bajaji, pikipiki. Vumbi. Kimya.

Saa 8. Kuandika: nani alimkaribisha nani mchezoni, nani amehesabu mafundo kupita kumi bila kusaidiwa, nani leo hakusema neno. Hii ndiyo sehemu ambayo wazazi hawaioni na mimi siipendi. Simu mbili kuhusu kaptula.

Saa 2 usiku. Najitoa mwiba wangu mwenyewe kwa tochi ya simu, ujumbe ukaingia. Mama yake Profesa: "Mwalimu habari za jioni. Mtoto ana kamba chafu, hataki niifue wala niitupe, amelala nayo. Ni ya nini?"

Nikaandika ujumbe mrefu, wa Kisiki Hai, mbuzi, Kondoa, hesabu. Nikaufuta. Nikaandika: "Nzuri mama, pole na majukumu. Ni ya shule. Naomba tu mafundo yasifunguliwe, mpaka aamue mwenyewe."