Chakula Kando ya Shimo

Somo: Mwanzo 37:18–36, Mwanzo 42:21–22

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii tunasoma tena habari za Yusufu, na ombi langu ni moja: tusikimbilie Misri. Kwa kuwa mwisho wake tunaujua, tukimfikisha tu shimoni mawazo yetu huruka hadi kwa Farao, tukasema Mungu aligeuza mabaya kuwa mema, tukafunga Biblia. Ni kweli aligeuza. Lakini leo tubaki kwanza Dothani, mahali ndugu zake walipomwuza, maana neno letu leo ni juu ya biashara ya kuuza watu.

Tazameni mstari wa 25. Kijana wa miaka 17 amevuliwa kanzu yake na kutupwa katika birika tupu lisilo na maji, na mara tunaambiwa kuhusu ndugu zake: “Nao wakaketi kitako kula chakula.” Basi, wanakula.

Sura ya 37 haisemi Yusufu alitamka nini akiwa mle ndani. Ukiisoma peke yake unaweza kudhani alinyamaza. Inabidi ungoje hadi sura ya 42, zaidi ya miaka 20 baadaye, ndugu zake wakiwa wamebanwa huko Misri, ndipo siri inawatoka vinywani: waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi, wala hawakumsikia. Kumbe alikuwa akiwasihi. Chakula kile kililiwa huku sauti yake ikiwafikia. Mimi mstari huo hunitetemesha kuliko ule wa vipande 20 vya fedha, maana kumwuza kulikuwa jambo la saa chache, bali kutomsikia kuliendelea miaka yote ile, tena mbele ya baba aliyekuwa akiomboleza.

Sasa angalieni jinsi biashara yenyewe ilivyofungwa. Yuda, mmoja wa ndugu hao, hakusema, “Tutende uovu.” Alisema kuua hakuna faida, afadhali tumwuze, “wala mikono yetu isimdhuru. Maana yeye ni ndugu yetu.” Alijiona ndiye mwenye huruma pale. Wafanyabiashara wa msafara walikuwa na ngamia waliobeba ubani, zeri na manemane. Wakaongeza kijana mmoja juu ya mzigo. Potifa, ofisa wa Farao, alinunua kama wanunuzi wengine. Yakobo, baba yao, akaletewa kanzu yenye damu ili aache kuuliza. Kila mmoja alishika kipande chake, na hakuna aliyejiona ameushika uovu mzima.

Hivyo ndivyo usafirishaji haramu wa binadamu unavyofanya kazi hadi leo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani na washirika wake yanaonyesha kwamba mwaka 2021 watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa mamboleo: milioni 27.6 katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Kati ya wale wa kazi za kulazimishwa, milioni 3.3 ni watoto. Wengi wao hawana pingu mikononi. Wanashikiliwa na deni la nauli lisilokwisha, na pasipoti iliyofungiwa kabatini kwa tajiri, na simu waliyonyang'anywa, na tishio kwamba wakikimbia familia itadaiwa. Wengine hawakuvuka mpaka wowote. Wako katika nchi yao wenyewe, pengine mtaa wa pili.

Na aliyewapeleka kwa kawaida si mtu mgeni kabisa. Ni jamaa, ni rafiki, ni mchumba, ni yule mama aliyefanikiwa anayerudi na zawadi na kusema, “Nina nafasi ya kazi, nipe binti yako.” Yusufu aliuzwa na ndugu zake, watu waliojua hata rangi ya kanzu yake.

Kuna neno tunalisema upesi mno: “Si alikubali mwenyewe?” Itifaki ya Palermo, yaani makubaliano ya kimataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, inalijibu. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, vitisho au kutumia vibaya unyonge wa mtu haihesabiwi kuwa ridhaa. Na akiwa mtoto, hakuna haja hata ya kuthibitisha kwamba alidanganywa. Kumchukua kwa lengo la kumnyonya kunatosha kuwa kosa. Kwa hiyo tusimhoji aliyerudi kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa.

Niseme waziwazi jambo linalotuhusu sisi waamini. Wakala mwovu anatafuta kitu kimoja kabla ya fedha, nacho ni kuaminiwa. Na hakuna mahali ambapo kuaminiana hupatikana kwa urahisi kama katika ushirika wetu. Anakuja ibadani, anatoa sadaka nzuri, anamwomba kiongozi atangaze nafasi za kazi baada ya matangazo ya kwaya. Tangazo likisomwa madhabahuni, wazazi hawalichunguzi tena. Wanaona limepita kwa mchungaji. Basi lisisomwe kabla ya kuulizwa maswali. Mwajiri ni nani, kwa jina na anwani? Mkataba upo, na umeandikwa kwa lugha ambayo kijana anaielewa? Pasipoti atakaa nayo nani? Leseni ya wakala imethibitishwa na ofisi ya serikali inayohusika na ajira, au tumeoneshwa karatasi aliyoileta mwenyewe? Na ada anatozwa nani? Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Anayemtaka mama auze shamba ili binti apate kazi ya nyumbani ameshaanza kutengeneza deni litakalomfunga binti huyo.

Wala tusidhani wanaonaswa ni wasiosoma tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao wana elimu, wanajua kompyuta, wanazungumza lugha zaidi ya moja. Walijibu tangazo la kazi lililoonekana safi.

Turudi kwa mtu mmoja katika somo letu ambaye huwa tunampita: Reubeni, kaka yao mkubwa. Alikuwa na nia njema. Mstari wa 22 unasema alitaka kumwokoa Yusufu na kumrudisha kwa baba yake. Mpango wake ulikuwa kurudi baadaye, kimya kimya, pasipo kugombana na wenzake. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Akararua mavazi yake. Halafu, na hapa ndipo panaponiuma, kanzu ikachovywa damu, ikapelekwa kwa Yakobo, na hatusomi popote kwamba Reubeni alimwambia baba yake ukweli. Aliyetaka kuokoa akaishia kuwa mmoja wa watunza siri. Nia njema iliyoachwa kwa baadaye haiwezi kushindana na msafara. Wanunuzi wana haraka, na wana fedha mkononi.

Kinyume cha Reubeni kimekuwapo pia katika historia, na mara nyingi kilianza kwa watu wasio na cheo. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12, tisa kati yao wa jumuiya ya Kikristo ya Waquaker, walikutana katika duka la kuchapisha vitabu jijini London, wakaunda kamati ya kukomesha biashara ya watumwa. Thomas Clarkson, aliyekuwa mmoja wao, alizunguka bandarini akiwauliza mabaharia na waganga wa meli walichokiona, akanunua pingu na vyuma vya kufumbulia midomo kwa nguvu ili watu waviguse kwa mikono yao. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, ambaye alikuwa ameuzwa na kununuliwa zaidi ya mara moja kabla ya kujikomboa kwa fedha zake, alichapisha kisa cha maisha yake na kwenda nacho mji kwa mji. Sauti iliyokuwa shimoni sasa ilikuwa inasomwa sebuleni. Kuanzia mwaka 1791 familia nyingi sana ziliacha kula sukari iliyolimwa na watumwa. Wanawake hawakuwa na kura, lakini wao ndio waliopanga kitakachowekwa mezani, na wakakataa. Mwaka uliofuata bunge lilipokea maombi 519 ya wananchi. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika himaya ya Uingereza ilipita mwaka 1807. Watumwa wenyewe walingoja sheria nyingine ya mwaka 1833. Ilikuwa kazi ndefu, na baadhi ya walioianza walikufa kabla haijakamilika.

Nipeni nafasi ya mfano mmoja ulio karibu zaidi na wakati wetu. Huko Immokalee, Florida, nchini Marekani, mwaka 1993 wavuna nyanya wachache walianza kukutana kila wiki katika chumba walichoazimwa na kanisa. Ni chumba tu walichopewa, na mlango uliofunguliwa jioni. Humo walisimuliana mambo yaliyokuwa yakifanyika mashambani, hata ya watu walioshikiliwa kwa nguvu na kutishwa kwa bunduki, na wakasaidia kesi hizo kufika mahakamani. Baadaye walizibana kampuni kubwa zinazonunua nyanya hadi zikakubali kulipa senti zaidi kwa kila ratili na kutonunua kwa mkulima anayetumia kazi ya kulazimishwa. Walioongoza ni wavunaji wenyewe. Kanisa lile halikuhutubia, lilitoa chumba. Ninalipenda kanisa hilo kwa sababu lilijua nafasi yake.

Tunaye pia Josephine Bakhita, msichana wa Darfur aliyetekwa akiwa mdogo, akateswa hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Aliuzwa na kuuzwa tena, mwisho akafikishwa Italia. Bibi aliyekuwa akimtumikisha alipotaka kumrudisha Sudani, Bakhita alikataa. Masista waliokuwa wakimfundisha imani walisimama naye, kesi ikafika mahakamani Venice, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yu huru. Tangu mwaka 2015, kila tarehe 8 Februari, Kanisa Katoliki huadhimisha siku ya maombi dhidi ya biashara ya kuuza watu, siku ya kumbukumbu yake. Katika habari zake nyingi hunishika zaidi pale alipotamka “hapana”, na pakawa na watu karibu waliokuwa tayari kumsikia.

Kwa sababu hiyo nasema kazi yetu kubwa ni kuwa karibu na kusikia. Kijana anayesafiri kikazi awe na mtu wa ushirika wa kumpigia kila wiki, na neno la siri walilokubaliana, litakalomaanisha “niko matatani” hata kama tajiri amesimama pembeni. Nakala ya pasipoti na mkataba wake ibaki kwa familia. Simu ikikatika ghafla wiki mbili, mtu aulize, tena aulize kwa sauti. Na tukigundua mtu amefungiwa mahali, tusivunje mlango kwa ushujaa wetu. Waliojaribu hivyo wamewahi kusababisha mtu kuhamishwa usiku huohuo asionekane tena. Tupeleke taarifa polisi au kwa shirika linalojua kazi hii, na pale tunapoogopa kwamba ofisa fulani ana mkono wake ndani, tupande ngazi ya juu yake, tusiende peke yetu.

Na akirudi? Hapa tunashindwa mara nyingi. Tulimwombea akiwa mbali. Amerudi mikono mitupu, ana deni, usiku hapati usingizi, nasi tunanong'ona. Kumbukumbu la Torati 15:13–14 iliagiza kwamba mtumwa anayeachwa huru asiondoke bila kitu, bali apewe kwa ukarimu kutoka zizini, uwandani na shinikizoni. Mungu alijua uhuru bila mtaji humrudisha mtu kulekule. Wapo waliotoka utumwani na, kwa kubanwa na deni, wakaanza kuwaleta wengine ili walipe. Hata Yusufu, katika sura ya 47, aliwanunua Wamisri wenye njaa wawe watumwa wa Farao. Huwa hatuhubiri sura hiyo, lakini imo.

Jambo moja zaidi, na nawasihi mlisikie: tusimlazimishe aliyerudi kusimama mbele kutoa ushuhuda. Picha yake isirushwe kwenye makundi ya simu. Akitaka kusema, atasema kwa wakati wake, na kwa aliyemchagua. Yusufu mwenyewe aliwatoa watu wote nje kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake.

Tuombe.

Ee Mungu uliyemsikia Hajiri jangwani na Israeli katika matofali, wasikie leo walio katika nyumba, mashamba, meli, migodi na vyumba vyenye kompyuta ambako hawawezi kutoka. Wape wale wanaowatafuta hekima na ulinzi. Wasumbue wanaowashikilia, wasilale hadi wamewaachia, na walete kwenye toba na kwenye sheria. Kwetu sisi, utupe ujasiri wa kuuliza maswali kabla ya safari, na mfuko ulio wazi baada ya kurudi. Waliopotea na familia zao hazijui waliko, uwataje wewe kwa majina, hata kama wenyewe wameyasahau. Tunaomba kwa jina la Yesu, aliyeuzwa kwa vipande 30 vya fedha. Amina.