Hatifungani ya shule ni deni letu: tuisome kabla ya kupiga kura

Mwanangu alipokuwa darasa la tatu, kila mvua iliponyesha kona moja ya darasa lao iliwekwa ndoo ya plastiki, na dari iliyokuwa juu yake ilikuwa na doa la rangi ya chai ambalo lilizidi kupanuka mwaka hadi mwaka. Mwalimu alikwisha zoea. Alisogeza madawati mawili, akaendelea kufundisha. Wakati huo sikujua kwamba hapa California fedha za kujenga upya paa kama lile hutoka, kwa sehemu kubwa, katika mfuko tofauti na ule unaolipa mishahara, na kwamba mfuko huo haupati kitu mpaka wakazi wenyewe wakubali kwa kura kukopa.

Mkopo huo ndio hatifungani. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo fulani, huwauzia wawekezaji hatifungani, hupata fedha za ujenzi, kisha deni na riba yake hulipwa kwa miaka mingi kutokana na nyongeza ya kodi ya nyumba na ardhi. Pendekezo la 13, sheria iliyopitishwa na wapiga kura wa jimbo mwaka 1978, liliweka kikomo cha kodi hiyo kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, kwa hiyo nyongeza ya kulipia deni la namna hii haiwezekani bila ridhaa ya wapiga kura. Kwa muda mrefu ilihitajika theluthi mbili ya kura. Pendekezo la 39 la mwaka 2000 lilishusha kiwango hicho hadi asilimia 55, lakini kwa masharti: orodha ya miradi itangazwe mapema, hesabu zikaguliwe kila mwaka, kamati huru ya wananchi iundwe, na fedha hizo zisilipie mishahara wala gharama za uendeshaji.

Sharti hili la mwisho ndilo lisiloeleweka, nami naona ndilo linaloharibu imani ya watu. Nimesikia mara nyingi majirani wakiuliza kwa uchungu: tulipitisha mamilioni, mbona walimu bado wanaondoka? Hakuna aliyewaambia kwamba sheria inakataza fedha za paa kumlipa mwalimu.

Nimekaa katika ile kamati huru ya wananchi kwa niaba ya wazazi. Huwa na watu wasiopungua saba, na mwajiriwa wa wilaya, mkandarasi au muuzaji wake haruhusiwi kuingia. Hatuchagui miradi, kazi yetu ni kuangalia kama kilichotumika kinalingana na kilichoahidiwa, na kuwaarifu wananchi. Jioni moja tulikaa karibu saa nzima juu ya ankara moja ya mabomba, kwa sababu jengo lililotajwa humo halikuwa kwenye orodha waliyoipigia watu kura. Ilibainika kuwa jina la jengo lilikuwa limebadilishwa. Hata hivyo siioni saa ile kuwa ilipotea, maana anayelipa deni ana haki ya kujua kila dola ilikokwenda.

Kwa hiyo naunga mkono hatifungani, lakini nawasihi wapiga kura wasome karatasi wanazoletewa nyumbani. Kwa wilaya yenye shule za msingi na sekondari pamoja, kura ikipitishwa kwa utaratibu wa asilimia 55, kodi inayokadiriwa haipaswi kuzidi dola 60 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani iliyokadiriwa. Nyumba ya dola 400,000 italipa dola 240 kwa mwaka, isizidi hapo. Mpangaji naye asidhani hayamhusu, maana mwenye nyumba hujua pa kurudishia gharama zake. Tazama zaidi jumla ya deni pamoja na riba. Mwaka 2011 wilaya ya shule ya Poway, karibu na San Diego, ilikopa takriban dola milioni 105 kwa aina ya hatifungani ambayo hailipwi chochote kwa miaka mingi huku riba ikizaa riba, na malipo yake yote yanakaribia dola bilioni 1. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kikomo: malipo yote yasizidi mara nne ya kilichokopwa.

Linaloniumiza hata baada ya hayo yote ni kwamba kiwango kile kile cha kodi huzaa fedha nyingi penye majumba ya thamani na fedha chache penye nyumba duni, ilhali mvua huvujia paa zote kwa namna moja. Mnamo Novemba 2024 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 2, mkopo wa jimbo zima wa dola bilioni 10 kwa ajili ya majengo ya shule na vyuo vya jamii, na kanuni zake huziongezea wilaya maskini mchango wa jimbo. Nyongeza hiyo, katika ukarabati, inatoka asilimia 60 ya gharama hadi 65 tu. Wilaya ambayo nyumba zake hazina thamani ya kutosha kukopea bado inatakiwa kutafuta sehemu iliyobaki, na wakati inaitafuta, watoto wake wanasogeza madawati.