Kaa wewe, umeshatoa

"Kaa wewe, mwanangu. Wewe umeshatoa."

Hayo tu, hayakuzidi. Budhe, jina la huku la kumwita mama mkubwa, aliyasema Jumamosi jikoni kwenye shughuli, huku akiuvuta mikononi mwangu ungo wa vitunguu ambavyo ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuvimenya. Akampa jirani yake, akanisogezea kiti kilicho karibu na mlango wa ukumbini, na kabla sijajua nifanye nini na mikono yangu nikaletewa glasi ya chai na kisahani cha wajik, wali wa kunata uliopikwa kwa sukari. Leo Ijumaa, na bado namsikia. Nikifagia namsikia. Nikimsaidia mwanangu mdogo hesabu zake za shule namsikia.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Kibali changu cha ukaazi wa kudumu hatimaye kimetoka, mdogo wangu kajifungua salama kule Wete, mtoto wa kike, na harusi ya binti wa jirani imekwisha bila mvua kuiharibu. Furaha hizo nitaziandikia siku yake, inshallah. Sasa hivi kichwani mwangu mna ungo wa vitunguu.

Shughuli za huku Java, Indonesia, nilikoolewa, upande wa jikoni hazina tofauti kubwa na zetu za Pemba. Mwenye shughuli hapiki peke yake. Siku chache kabla, wanawake wa mtaa wanakuja na visu vyao, wanaingia kwa mlango wa nyuma, wanakaa chini kwenye mikeka. Wanaita rewang. Hakuna anayegawa kazi, kila mmoja anajua pake: yule wa tempe, soya iliyovundikwa, yule wa kufunga majani ya mgomba, yule ambaye mkono wake ndio unaoaminiwa kwa chumvi. Wanaume wako nje, wanakoroga jenang, kitamu kama haluwa, kwenye karai kubwa na kuchochea kuni. Mimi pangu ni kwenye vitunguu, vile vidogo vyekundu ambavyo maganda yake yanang'ang'ania vidole hata ukishanawa. Nilipoletwa hapa bi harusi, Kijava sikijui kabisa na Kiindonesia changu cha kubabaisha, Budhe ndiye aliyenishika mkono akaniketisha ubavuni pake na kunipa kisu. Hakueleza kitu. Alimenya kimoja, akaniangalia, nami nikamenya cha pili. Tangu siku hiyo nikawa nina pa kukaa katika kijiji hiki.

Sasa nimepewa kiti.

Nilimuuliza pale pale, "Nimetoa nini, Budhe?" Akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo. "Kunywa chai, itapoa." Kisha akageuka kumjibu mtu kuhusu nazi.

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Labda alikusudia bahasha. Lakini bahasha kila nyumba imetoa. Wifi yangu alitoa bahasha, akaleta na beseni la mchele, na bado alikuna nazi mpaka mkono ukamvimba. Labda aliniona nimechoka, maana wiki nzima nilikuwa njiani kufuatilia kile kibali. Lakini mwenye mimba ya miezi saba alikuwa pale anachambua mchele, hakuna aliyemwambia apumzike. Labda ni heshima kwa mgeni. Lakini mgeni gani mwenye watoto wawili waliozaliwa hapa? Na mke wa mkuu wa kijiji mwenyewe alikuwa kachuchumaa kisimani anasugua masufuria.

Sauti yake haikuwa na ukali hata chembe. Ingekuwa na ukali ningelala.

Jibu ninalolizunguka ni mbuzi.

Nieleze tulivyoanza. Ardhi hapa siwezi kuimiliki. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 imeuweka umiliki kamili kwa raia peke yao, mgeni anaishia kwenye haki ya kutumia. Hata raia aliyeoa au kuolewa na mgeni anaingia matatani kama hawana mkataba wa kutenganisha mali, kwa sababu ardhi inahesabiwa ni ya wote wawili. Zamani mkataba huo sharti uandikwe kabla ya ndoa. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyofungua mlango mwaka 2016, wanandoa wakaruhusiwa kuuandika hata baada ya kuoana, na sisi tukawa miongoni mwa waliofaidika. Kwa hiyo shamba la mikarafuu na kiwanja viko kwa jina la mume wangu. Akiba yangu, ile ya miaka ya Muscat, nikaiweka kwenye kitu chenye miguu.

Na milima hii ya Menoreh, hasa upande wa Kaligesing, ni kwao mbuzi wa Peranakan Etawa: warefu, pua imepinda, masikio yananing'inia kupita taya, kichwa cheusi au cha kahawia juu ya mwili mweupe. Asili yao ni mbuzi wa India waliochanganywa na mbuzi wadogo wa hapa enzi za Waholanzi. Hawachungwi. Wanakaa kwenye banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ni mbao zilizoachiwa nafasi, samadi inaanguka chini na kuzolewa kwenda shambani. Majani wanaletewa, kaliandra, gamal, majani ya mfenesi, asubuhi mzigo na jioni mzigo. Mtaji ni wangu, jasho ni la mwenye banda. Utaratibu ni wa tangu mababu, unaitwa gaduhan: jike anabaki wangu, watoto tunagawana nusu kwa nusu. Jike akifa kwa maradhi, bila uzembe wa mtu, hasara ni yangu na mtunzaji halipi kitu. Tulikubaliana hivyo mbele ya mkuu wa kitongoji na mume wangu akaandika kwenye daftari. Leo majike wangu wako kwenye kaya saba. Moja ya kaya hizo ni ya Budhe.

Na nikiishia kwenye uchungu tu nitakuwa nimedhulumu, kwa sababu mbuzi hawa wametufanyia makubwa. Mgawo wa Budhe ulipouzwa kabla ya Idi ya kuchinja, wakati bei inapopanda, ndio uliomwingiza mjukuu wake chuo cha ufundi. Mwezi uliopita jike wake mkubwa alizaa usiku. Alinipigia simu nikashuka bondeni na tochi. Wa kwanza alitoka bila taabu. Wa pili alikuja miguu ya nyuma mbele. Budhe alijipaka mafuta ya kupikia mpaka kwenye kiwiko, akamshika yule mtoto juu ya vifundo, akawa anangoja mama asukume ndipo naye avute, anangoja, anavuta, huku ananung'unika Kijava cha kumbembeleza mnyama. Alipotoka hakupumua. Budhe akamsafisha pua kwa kidole, akampulizia puani, akamsugua ubavu kwa gunia. Akapiga chafya! Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye zile mbao, mgongo kwa mgongo, nguo zetu zimelowa maji ya uzazi. Usiku ule hakuna aliyenitafutia kiti.

Basi Jumamosi kulitokea nini?

Mume wangu anasema naunda jambo. "Budhe anakuheshimu. Unataka nini zaidi?" Nikamwambia nataka vitunguu vyangu. Akanyamaza, aliona sina masihara.

Usiku wa kuamkia Jumatano ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa kwetu. Kabla ya msimu wa karafuu nyumba nyingi shamba zilikuwa zimekauka, na alikuwepo aliyekuwa akitoa fedha mapema, kisha akija kuchukua chake karafuu zikishakauka majamvini. Akija kwa bibi alitandikiwa mkeka mpya barazani, akaletewa kahawa, haluwa ikiwepo akapewa. Mkewe akija kwenye msiba wetu alikalishwa kitini. Hakupewa mwiko, hakupewa kisu, hata kikombe alichonywea alipokonywa asikioshe. Nilikuwa mtoto mdogo, nikamuuliza bibi kwa nini yule mama hapiki na wenzake. Bibi akasema, "Yule anatudai."

Hakuwa mtu mbaya yule mama. Alikuwa akituletea peremende. Sasa najiuliza kama naye alikuwa akirudi kwake usiku na kujiuliza.

Simdai Budhe, wala yeye hanidai. Gaduhan si deni, na ningekuwa na shaka hiyo nisingeingia. Lakini kila asubuhi anapanda mlima na mundu kukata majani ya mnyama ambaye ni wangu, na mimi nikikutana naye njiani baada ya salamu nauliza, "Mbuzi hawajambo?" Naliuliza kwa mapenzi. Sijui linaingiaje kwenye sikio la mtu aliyebeba mzigo.

Mkwe wangu nilimgusia jambo hili kwa mbali, kwa kumuuliza habari za zamani. Yeye hupenda kunikumbusha kwamba kulikuwa na wakati sisi ndio tuliokuwa tukiwauzia wao karafuu, za kutia kwenye sigara zao za kretek, mpaka mikarafuu waliyopanda kwa wingi miaka ya 1970 ilipoanza kuzaa na soko letu kubwa likafungwa. Karafuu alizochuma babu yangu huenda babu wa watoto wangu alizivuta. Safari hii akanisimulia miaka ya 1990, wakati ununuzi wa karafuu nchi nzima ulipowekwa mikononi mwa shirika moja la ukiritimba na mkulima akawa analipwa bei ya kutupa, hadi ulipovunjwa mwaka 1998. Watu wa milima hii walikata mikarafuu wakafanya kuni. "Nani alikata na nani aliacha?" nikamuuliza. Akafikiri kidogo. "Mwenye deni alikata. Asiye na deni aliweza kungoja." Kisha akaomba chai.

Jana usiku nilikwenda kwenye yasini ya wanawake nikiwa bado nimeubeba moyo huo. Baada ya dua tukafanya arisan, upatu wetu. Huku majina yanatiwa kikombeni yakatikiswa, linaloruka ndilo linalopokea. Likaruka langu. Budhe alikuwa upande wa pili wa chumba. Akainuka, magoti yake haya ya mvua yanamsumbua, akaja akajibana ubavuni pangu, paja juu ya paja.

"Nipe mimi zamu yako. Mlango wa banda umeoza kwa mvua hizi."

"Chukua, Budhe."

"Yangu ikitoka utachukua wewe. Na usijifanye umesahau."

Akanipiga kofi la mguu, akachukua na kipande cha keki kilichokuwa kwenye sahani yangu, akala.

Mtu haombi zamu ya upatu kwa anayemdai. Anaomba kwa mwenzake. Nilipanda kilima kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamwamsha mume wangu kumsimulia, nikamwambia ilikuwa kweli, naunda mambo. Nikalala. Alfajiri nikafumbua macho na wazo moja: kwenye banda hilo wanalala mbuzi wangu. Budhe ameomba fedha za upatu, fedha zake mwenyewe za mbele, ili atengeneze mlango wa kuwalinda mbuzi wa nani?

Kwa makubaliano ya huku banda ni juu ya mtunzaji, hilo halina ubishi, na hakuna kaya hata moja kati ya saba iliyolalamika. Lakini nimeamua. Wiki ijayo tutakaa na wote, na matengenezo ya mabanda yatakuwa nusu kwa nusu kama wanavyogawanywa watoto wa mbuzi. Mume wangu amekubali, ingawa anasema watu watashangaa na huenda wengine wakaona aibu kupokea. Tutaona. Mlango wa Budhe hautangoja kikao, fundi nimeshazungumza naye. Sijaamua bado nimwambie vipi, maana nikilipa mlango wote peke yangu nitakuwa nimejiongezea urefu wa kile kiti. Pengine nipeleke mbao tu, nusu ya zinazohitajika, na nyundo, nikamshikie misumari. Keshokutwa kuna kisomo cha arubaini kwa mzee wa mtaa wa juu, wanawake watapika tangu asubuhi. Nitaingia kwa mlango wa nyuma na kisu changu mkononi, nikae chini kabla hajaniona.

Jambo jingine halihusiani na haya, lakini siwezi kufunga bila kuliandika. Ukingo ulio nyuma ya jiko umepasuka. Ulianza Jumanne baada ya mvua kubwa, ufa mdogo kando ya mianzi, mkwe wangu akauziba kwa udongo wa mfinyanzi na kuchimba mfereji wa kugeuza maji. Leo asubuhi umefunguka tena na umezidi urefu, kidole changu cha shahada kinaingia chote. Mwezi Juni 2016 maporomoko yaliua makumi ya watu katika wilaya hii ya Purworejo, na wapo hapa kijijini waliokwenda kuchimbua ndugu zao kwa majembe. Mtu wa serikali ya kijiji amesema atakuja kuangalia Jumatatu. Watoto nimewahamishia chumba cha mbele. Mkwe wangu, ambaye dirisha lake ndilo linalotazamana na ukingo, amekataa kuhama.