Kati ya Ijumaa na Jumatatu

Somo: 1 Wakorintho 6:12–20

Wapendwa katika Bwana,

Korintho ulikuwa mji wenye bandari mbili, Kenkrea ikiwa mojawapo, na waumini ambao Paulo aliwaandikia waliishi katikati ya wageni, fedha na starehe. Nadhani Nairobi ya Ijumaa usiku isingewashangaza. Yaelekea walikuwa na msemo wao, "Vitu vyote ni halali kwangu," naye Paulo anauchukua na kuujibu: "lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote."

Msemo huo nausikia, kwa maneno mengine, kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaohudhuria ushirika wetu. Muguka, wanasema, ni majani tu ya kumsaidia mtu kukesha wakati wa mitihani, ingawa wapo waliomaliza mitihani muda mrefu na bado hawalali. Kuhusu zinaa, wengi wao huogopa mimba kuliko ugonjwa, kwa kuwa mimba huonekana na watu. Basi msichana hununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwenye duka la dawa, akaona jambo limekwisha. P2 haizuii Virusi vya Ukimwi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja alinijia Jumapili baada ya ibada, akaniuliza huku akitazama chini kama Mungu husamehe kosa la juzi usiku. Nilimsomea Zaburi ya 51, nikaomba naye, nikamwambia aje tuzungumze zaidi Jumapili ijayo. Sikumuuliza lolote kuhusu mwili wake, kwa sababu niliona haya, na haya hiyo nikaiita heshima. Baadaye nilijifunza kwamba dawa za PEP, ambazo humkinga mtu aliyekutana na hatari ya kuambukizwa virusi hivyo, ni lazima zianzwe mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha zitumiwe kwa siku 28. Aliyepatwa na hatari Ijumaa usiku ana nafasi mpaka Jumatatu usiku. Zaburi niliyomsomea ilifaa. Miadi niliyompa ndiyo ilikuwa mbovu, na hakurudi.

Tangu hapo nasoma kwa uangalifu zaidi maneno "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu," ambayo tumeyazoea kama fimbo ya kuwachapia vijana. Paulo anaendelea kusema kwamba walinunuliwa kwa thamani, wala hawaambii waliokosea kwamba hekalu lao limebomolewa. Anayejali hekalu huulizia pia paa linalovuja. Humsindikiza kijana hospitalini, na kama ni bangi au pombe iliyomshinda, hupiga simu pamoja naye kwa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, kwa nambari 1192, ambayo hailipiwi.

Ijumaa hii, baada ya maombi, nitabaki ukumbini hadi wa mwisho aondoke. Atakayekuja kwangu na habari kama ile, swali langu la kwanza litakuwa ni saa ngapi zimepita, na Zaburi tutaisoma njiani.