Kliniki ya presha na mama

Leo nilimsindikiza mama kituo cha afya huku Moshi vijijini. Daktari ni mmoja, foleni hadi nje. Presha imegoma kushuka, nikajua tunaandikiwa rufaa ya hospitali kubwa, Mawenzi au hata KCMC. Wala! Daktari, kijana wa watu, akamwamkia mama, akaomba kuziona dawa zenyewe. Mama akafungua fundo la kanga: vidonge nusu nusu.

“Mama, unavikata?”

“Navibana vifike mwisho wa mwezi, baba.”

Rufaa ngapi zingeepukika kwa swali hilo tu? Akambadilishia dawa ya bei nafuu, kidonge kimoja kwa siku, akaulizia na chumvi ya kwenye mtori (mama akaangalia pembeni 😂). Hatujanyanyuka, nesi akamwita daktari wodi ya wazazi, akatoka mbio. Foleni hata haikuguna, wamemzoea.